Mbaazi za Mzee Chitanda

Mwezi uliopita mliniaga kwa khanga mbili, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Khanga na saa sina ugomvi navyo. Ila katika hotuba mlisema kwamba miaka yote ya kazi sijawahi kumwacha mtu na njaa. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo na pilau ilikuwa inapoa. Lakini si kweli. Nilimwacha mmoja, siku moja ya mvua, hapa hapa Nachingwea, na mengi niliyowafundisha ninyi kuhusu kazi hii nilijifunza kwa sababu yake. Bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilianza nikiwa mama wa watoto watatu. Nilikuwa nimetoka kwetu Chiola kumfuata mume wangu mjini, na mjini hapo nilijua watu wachache na njia chache. Nikasikia kuna kina mama, Waislamu kwa Wakristo, wanaopika chakula cha mchana kwenye ua wa Mama Asumini, nyuma ya soko, kisha wanawapelekea wazee na wagonjwa wasioweza kutoka ndani. Nikaenda kuomba kazi ya kupika. Mama Asumini, mwanamke mfupi aliyekuwa mhudumu wa wodi kabla ya kustaafu, hakunitazama mikono. Alinitazama miguu.

"Baiskeli unajua?"

"Najua, mama."

"Basi. Wapishi ninao. Ninachokosa ni miguu."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilipewa baiskeli ya chuma iliyokuwa nzito hata bila mzigo, kapu la ukindu la kufunga kwenye keria ya nyuma kwa mpira wa tairi, na mabakuli tisa yenye vifuniko. Kila bakuli lilifungwa kipande cha khanga cha rangi yake, maana majina tuliyoandika kwa kalamu yalikuwa yanaondoka na sabuni, na wengine kati yetu kusoma kulikuwa kwa kubahatisha. Chekundu, Bibi Somoe. Bluu, mama mlemavu wa karibu na kisima. Kijani, Mzee Chitanda. Ninyi leo mna orodha kwenye simu. Mimi nikiona kitambaa cha kijani hadi leo nageuka.

Siku ya kwanza niliingia kwa Bibi Somoe, ambaye alikuwa haoni. Nikamwekea bakuli kwenye mkeka, nikamshikisha kijiko, nikatoka mbio kwa sababu mabakuli manane yalikuwa yananingoja. Nilirudi jikoni kabla hata ya adhana ya adhuhuri, jasho linanitoka, najiona shujaa.

Mama Asumini akauliza, "Bibi Somoe amesemaje?"

"Amesema asante."

"Jana alilalamika mguu. Leo unaendeleaje?"

Sikujua. Sikumwuliza.

"Bakuli umelifikisha," akasema. "Wewe mwenyewe hujafika. Rudi."

Nikarudi na jua lile la utosini. Kuanzia hapo alinifundisha kazi kidogo kidogo, mara nyingi akiwa amenipa mgongo anachambua mboga. Piga hodi usubiri, hata kama mlango uko wazi, maana mtu asiyeweza kuinuka bado ana nyumba. Salimia mpaka mwisho. Keti. Kabla hujafunua bakuli angalia mtungi una maji kiasi gani, angalia nyayo zake, nusa chumba. Aliyepata kiharusi mketishe wima, tumia kijiko kidogo, weka chakula upande wenye nguvu, ungoje ameze, usimharakishe kwa maji. Na usimwulize "umeshiba?" wakati umeshasimama mlangoni.

Jambo alilokuwa hataki kuambiwa ni moja tu: kwamba chakula chake si kitamu. Alipika kama alivyokuwa akipanga vitanda wodini, kwa haraka na kwa usafi. Mwezi wa Ramadhani ndio kulikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu waonjaji walibaki Wakristo peke yao, na hao walikuwa na ujasiri wa kusema chumvi imezidi.

Mzee Chitanda aliishi mwisho wa mji, juu ya kilima, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza pana. Alizaliwa Marambo, akafanya kazi ya upishi kwenye shule ya bweni mpaka nywele zikawa nyeupe. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wake wako mbali, na kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mzima wa kushoto. Mpwa wake, Zainabu, alikuja asubuhi kumwosha na kumwekea uji, akaenda shambani, akarudi jioni kumlaza. Kati ya asubuhi na jioni alikuwa na sisi.

Na hakutaka chakula chetu. Siku ya kwanza alifunua bakuli kwa mkono wa kulia, akachukua mbaazi moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akafunika.

"Rudisha."

"Mzee, hata kidogo?"

"Mwanangu, nimelisha watoto mia tatu kwa wakati mmoja. Hiki sikumpa hata mtoro."

Nilimbembeleza. Siku nyingine alikula ugali mtupu kwa maji, siku nyingine vijiko viwili vya mchicha. Mbaazi hakugusa, na jikoni kwetu mbaazi zilikuwa karibu kila siku. Miezi mitatu nilibeba bakuli la kijani kwenda na kurudi. Shingo yake ikawa nyembamba, fulana ikamlegea mabegani. Jikoni tukasema ana kiburi. Mimi nilisema kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napanda kile kilima.

Ikaja siku ya mvua ile ninayosema. Ilikuwa masika, njia ya kwake imegeuka uji, mnyororo wa baiskeli umekatika mara mbili, na nguo zimenigandia mwilini. Nilikuwa nimemaliza wote, amebaki yeye. Nikasimama chini ya upenu wa ghala la korosho lililokuwa limefungwa, nikalitazama lile bakuli. Nikajiambia: huyu hatakula. Nitapanda kilima, ataniambia rudisha, nitashuka nalo. Na mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni.

Nikalifunua, nikala.

Nilirudisha bakuli tupu. Mama Asumini alipoliona aliweka mwiko chini. "Chitanda amekula?" Nilitikisa tu kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo. Akacheka, akawaita wenzake waje waone. Sijawahi kuona mtu akifurahia bakuli chafu namna ile. Nilikwenda nyumbani na tumbo lililojaa na moyo uliokuwa umekunjamana.

Asubuhi nilianza kwake, kabla hata chakula hakijaiva. Nilipiga hodi, nikasikia sauti kutoka chini. Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na dirisha, shuka limejiviringisha mguuni. Zainabu alikuwa amelala shambani kwa sababu mto ulijaa, hakuweza kuvuka. Mzee alikuwa hapo tangu jana mchana.

Nilimwinua kwa namna niliyofundishwa, mikono chini ya makwapa, goti langu nyuma ya mgongo wake. Alikuwa mwepesi, na wepesi wake ulinitisha. Nikachemsha maji, nikamwosha, nikambadilisha, nikampa uji wa mtama kijiko kwa kijiko. Uji ulipofika nusu akaweka mkono juu ya kijiko.

"Jana sikusikia kengele ya baiskeli," akasema. "Nikajisogeza dirishani nione kama umeanguka njiani."

Nilishindwa kumtazama. Mtu huyu niliyemwita mwenye kiburi alikuwa ameanguka kwa kunihangaikia mimi.

"Sikuanguka, mzee. Sikuja."

"Chakula changu je?"

Ningeweza kusema kilimwagika. Mvua ingenitolea ushahidi. "Nilikila," nikasema.

Nje kuku alikuwa anaparua matope. Nilingoja anifukuze.

"Mbaazi zilikuwaje?"

"Zilikuwaje vipi?"

"Umekula, si umekula? Zilikuwaje?"

"Ngumu," nikasema. "Nyingine nilitema."

Uso wake ukacheka upande mmoja, ule uliokuwa mzima, na jicho likatoa machozi. "Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nasema, mnaniambia nina kiburi. Wewe una meno thelathini na mawili umetema. Mimi ninayo sita, na nusu ya mdomo haisikii. Ningezipeleka wapi?"

Jikoni tulionja mchuzi kwa ncha ya kijiko, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutafuna kile tulichokuwa tunabeba. Tulijua nani ana kisukari na nani anatumia mkono gani. Hilo moja hatukulijua.

Nilimweleza Mama Asumini yote siku ile ile, mbele ya masufuria. Nilijua nitafukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jana nilifurahi sana. Nilimwambia hadi mume wangu." Ningependa angenipiga. Baada ya muda akaniuliza Mzee Chitanda alisema nini kuhusu mbaazi, nikamwambia, na hapo nikaona uso wake ukibadilika kwa jambo jingine kabisa. Alikwenda kwenye sufuria, akachota, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu.

Kesho yake alivaa khanga safi, akabeba debe la mbaazi kichwani, tukapanda kilima pamoja. Alipofika barazani alilitua debe mbele ya mzee.

"Shikamoo, mpishi mkuu. Nimekuja shule."

"Marahaba. Umechelewa, lakini kaa."

Wale wawili walikuwa na majivuno yanayolingana, na walipatana kwa sababu hiyo. Mzee akiwa ameegemezwa mito barazani, alianza. Mbaazi kavu hazilazimishwi, akasema. Ziloweke tangu jana. Maji ya kwanza mwaga. Moto uwe wa wastani, usizikoroge kama unagombana nazo. Chumvi iingie mwisho, ukiitanguliza zinagoma. Zikishalainika ndipo kitunguu, nyanya, na karanga zilizotwangwa laini. Kwa asiye na meno, ponda nusu urudishie kwenye mchuzi. Mama Asumini aliuliza maswali, akabisha mawili matatu, akashindwa. Mchana wa siku ya pili, mbaazi zikiwa zimelowekwa usiku kucha, Mzee Chitanda alikula bakuli zima, akaomba ukoko.

Tangu hapo kila Jumanne tulipika kwenye ua wake. Tuliburuta masufuria mpaka juu ya kilima, na yeye akawa anasikiliza sufuria kama fundi anavyosikiliza injini. "Hiyo ya kushoto inaungua," alisema bila kugeuka, na ilikuwa inaungua. Mabakuli yalianza kurudi matupu bila mimi kuyasaidia. Bibi Somoe, ambaye miaka yote hakuwahi kulalamikia chakula, alisema siku moja, "Alhamdulillahi, yule mpishi wenu wa zamani amehama?" Sikumfikishia Mama Asumini.

Mwili wa mzee ulirudi. Mkono wa kushoto haukurudi, lakini alijifunza kuketi mwenyewe, na Zainabu alisema anaimba asubuhi. Nilikaa naye kila siku nusu saa kamili, nilikula naye kutoka bakuli lile lile la kijani, na kama mnashangaa kwa nini hadi juzi nilikuwa nawalazimisha muonje kabla ya kufunga vifuniko, sasa mmejua.

Miaka ilipita. Baiskeli ikawa pikipiki, Mama Asumini akachoka magoti akawaachia wengine, nami nikatumwa Ruangwa kuanzisha jiko jingine. Huko ndiko nilikokutana na Bibi Filomena.

Alikuwa Mmakonde aliyevuka kutoka Msumbiji akiwa msichana na mumewe. Sasa mume hayupo, nyonga zimekataa kumbeba, na alikaa kwa mkwewe, mwanamke mwema aliyeshinda shambani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na soko lilikuwa limekwisha zamani. Kila nilichomwuliza alijibu neno moja.

"Bibi, umeamkaje?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nzuri."

"Unaumwa mahali?"

"Nzuri."

Lakini bakuli lake lilirudi limejaa, tena na tena, na nilikuwa nimeshajifunza bakuli lililojaa lina maana gani. Nilionja, mbaazi zilikuwa laini kama siagi. Nikabadilisha ugali, nikaleta wali, nikaleta uji. Alichukua kijiko kimoja, akashika shavu, akatabasamu. Kimwera changu, lugha ya kwetu Chiola, hakikunisaidia kitu. Mkwewe alizaliwa Ruangwa, naye Kimakonde alikijua nusu nusu.

Nikamkumbuka Mzee Chitanda, aliyekuwa amepika miaka mingi na Wamakonde wawili jikoni kwake. Nikampigia, Zainabu akamwekea simu sikioni, nami nikafungua spika nikaiweka mapajani mwa Bibi Filomena. Mzee akasalimia kwa Kimakonde. Bibi alishtuka, akainua simu akatazama nyuma yake kumtafuta mtu. Kisha akaanza kusema. Alisema mpaka salio likaisha. Nikaweka jingine, likaisha tena.

Mzee aliponirudia alikuwa na sauti nzito. "Jino," akasema. "Jino la nyuma limeoza, fizi imevimba, sikio linamuuma. Anasema amelala nalo tangu kabla ya korosho kuokotwa. Nikamwuliza kwa nini hukusema? Anasema hajui jino linaitwaje kwa Kiswahili, na hakutaka mpoteze muda."

Tulimpeleka hospitali siku iliyofuata, tumembana kati yetu ndani ya bajaji. Daktari alisema usaha ulikuwa umeshaanza kushuka shingoni, na tungechelewa kidogo lingekuwa jambo jingine. Jino likang'olewa, dawa zikatolewa, na juma la pili Bibi Filomena akaagiza, kupitia Nachingwea, kwamba anataka ming'oko, vile viazi vya porini. Nilichimbiwa na mkwewe, tukaichemsha. Alikula yote mbele yangu, polepole, macho amefumba.

Wale wawili waliendelea kupigiana kila siku baada ya chakula, kwa simu ndogo niliyomwachia bibi. Nilidhani wanazungumza habari za ujana na vita na mto Ruvuma. Siku moja nikamwuliza mzee wanaongea nini. "Anasema kuku wake mweupe ni mchawi," akanijibu. "Mimi namtetea kuku." Walionana mara moja tu, tulipompata mtu mwenye gari aliyekubali kumlaza mzee kiti cha nyuma mpaka Ruangwa. Tuliwaketisha ukumbini, mkeka mmoja. Kila mmoja alitazama mkeka, kwa kuwa walizoea simu na sura za kweli ziliwatia haya. Kisha kuku mweupe akapita, na wote wawili wakaanza kwa pamoja.

Mzee Chitanda alifariki mwaka uliofuata, usingizini, akiwa ameshakula. Nilipanda pikipiki mwenyewe kwenda kumwambia Bibi Filomena, kwa sababu habari ile haikufaa kupita kwenye simu. Alinisikiliza, akafunika uso kwa khanga. Kwa siku nyingi baada ya hapo, kila nilipoingia nilikuta simu ameigeuza kifudifudi. Nilikaa naye. Tukawa tunachambua mbaazi pamoja.

Asubuhi moja aliniona nimeshika kijiko, akauliza kwa Kiswahili ambacho sikujua lini amekipata, "Mwingine nani, anakaa peke yake?"

Nikamtajia mmoja. Akanyosha mkono apewe simu.

Mpaka napanga kustaafu alikuwa anawapigia watu saba kila siku, Nachingwea na Ruangwa, kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika na ambacho kila mtu alikielewa. Katika wiki yangu ya mwisho tulipata mtu mpya, fundi mwashi aliyeanguka kutoka juu ya paa akaumia uti wa mgongo. Alikuwa bado kijana wa kuoa. Alikuwa amegeukia ukutani siku nne hali wala hasemi. Rehema, mwenzenu huyu, alikuwa nyumbani kwa fundi huyo, Nachingwea, na bakuli, ananiambia kwa simu kwamba ameshindwa. Mimi nilikuwa Ruangwa, nimeketi mkekani kwa Bibi Filomena.

"Weka spika," nikamwambia Rehema. "Weka karibu na kichwa chake, wewe ukae."

Bibi Filomena akashika simu kwa mikono miwili.

"We, fundi. Mimi bibi wa Ruangwa. Mimi mguu hapana, wewe mguu hapana. Mimi jana nimelia. Leo nakula mhogo." Akang'ata kipande karibu kabisa na simu, akatafuna kwa kelele. "Unasikia? Mimi nakula. Peke yangu aibu. Wewe kula, mimi nisikie."

Bibi hakukata simu. Alitafuna, akangoja, akatafuna tena. Nilitaka kusema neno, akaninyoshea kidole ninyamaze. Tulikaa hivyo, jua likasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye vidole vya miguu yake, mpaka tukasikia, mbali kabisa na kwa udhaifu, kijiko kikigonga bakuli.